Picha Chini ya Miavuli

Mtu aliyepata kufika katika maonyesho ya kilimo ajua jinsi mabanda yanavyotokea. Juzi uwanja ulikuwa nyasi tupu. Leo mafundi wamekuja na nguzo, mabati na maturubai, na keshokutwa pana mji mzima. Watu huingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine, wakitazama ng'ombe, mahindi na mashine, na kila mtu ana lake la kusema. Maonyesho yakiisha, nguzo hung'olewa, na baada ya mvua mbili tatu nyasi huota tena pale pale. Lakini maneno yaliyosemwa ndani ya banda hayang'olewi pamoja na nguzo. Watu huenda nayo kwao.

Twataka kuwaeleza wasomaji habari ya banda moja la namna hiyo, ambalo halikuwa na ng'ombe wala mahindi, bali picha. Lilisimamishwa Moscow, mji mkuu wa Urusi, mwaka 1959, na ndani yake lilitokea jambo linalotuhusu sisi Waafrika, kwa kuwa aliyelitenda alikuwa Mwafrika.

BANDA LENYEWE

Miaka ile Marekani na Urusi zilikuwa katika ule uadui usio na risasi ulioitwa Vita Baridi. Hata hivyo, mwaka 1958 Serikali hizo mbili zilipatana kwamba kila moja ionyeshe mambo yake katika nchi ya mwenzake. Warusi walifungua maonyesho yao New York mwezi wa Juni 1959. Wamarekani walifungua yao Moscow tarehe 25 Julai, katika bustani kubwa ya miti iitwayo Sokolniki, nayo yalikaa wazi mpaka tarehe 4 Septemba. Watu wapatao milioni 2.7 waliyaona.

Palikuwa na kuba kubwa la rangi ya dhahabu, jumba la vioo, magari, nguo, na nyumba ya mfano yenye jiko la kisasa. Ni katika jiko hilo, siku moja kabla ya kufunguliwa, Bwana Richard Nixon, Makamu wa Rais wa Marekani, alipobishana na Bwana Nikita Khrushchev, mkuu wa Urusi, mbele ya waandishi wa magazeti, kila mmoja akisifu mwendo wa nchi yake.

Mbali kidogo na makelele hayo palikuwa na banda la ajabu. Paa lake lilikuwa miavuli mikubwa ya plastiki, kila mmoja ukisimama juu ya nguzo yake, na kingo za miavuli hiyo zimekaribiana hata kufanya dari moja. Mwanga wa jua ulipenya ukawaangukia waliokuwa chini. Kazi ya kupanga maonyesho hayo ilikuwa ya fundi wa michoro, George Nelson. Chini ya miavuli hiyo ndiko zilikowekwa picha zilizojulikana duniani kwa jina la The Family of Man, yaani Jamaa ya Wanadamu.

PICHA 503

Aliyezikusanya alikuwa mzee Edward Steichen, mpiga picha mashuhuri, aliyezaliwa Luxembourg mwaka 1879 na kukulia Marekani. Yeye alikuwa ameona vita viwili vikuu, na alipokwisha kuonyesha picha za vita aliona kwamba watu huzitazama, huhuzunika, kisha huenda zao na kusahau. Ndipo aliposhika njia nyingine: kuwaonyesha wanadamu jinsi wanavyofanana, ili wachoke kuchukiana. Yeye na wasaidizi wake walipitia picha zipatazo milioni 2. Mwishowe walichagua 503, zilizopigwa na watu 273 katika nchi 68. Zilionyeshwa mara ya kwanza katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York, mwezi wa Januari 1955. Kisha nakala zake zikatumwa na Serikali ya Marekani kuzunguka dunia, na zaidi ya watu milioni 9 wakaziona.

Hazikupangwa kama picha za ukutani kwa mjomba, zote sawasawa na kila moja katika fremu yake. Nyingine zilikuwa kubwa kama mlango, nyingine ndogo kama kiganja, nyingine zilisimama katikati ya njia ili mtu azizunguke. Zilifuata mwendo wa maisha: watu wanapendana, wanaoana, mtoto anazaliwa, anacheza, anafundishwa, watu wanalima, wanakula, wanacheza ngoma, wanalia, wanazika. Hapa na pale mtazamaji alikutana tena na kijana yule yule wa Peru akipiga filimbi, kana kwamba amwambia asiache safari. Mwisho kabisa palikuwa na picha ya watoto wawili wadogo, mvulana na msichana, wakitoka katika kivuli cha miti kuelekea mwangani. Aliyeipiga, W. Eugene Smith, aliumizwa vibaya vitani mwaka 1945, na hao walikuwa watoto wake mwenyewe.

Mahali pamoja palikuwa na picha nne kubwa za jamaa nne: moja ya Sicily katika Italia, moja ya Japani, moja ya Marekani, na moja ya Bechuanaland, nchi ambayo tangu mwaka 1966 yaitwa Botswana. Kila jamaa imekusanyika pamoja, wazee kwa watoto, ikimkabili mtazamaji. Mkulima yeyote wa kwetu angezielewa picha hizo pasipo kuelezwa neno, maana nani asiyemjua bibi aketiye katikati, na mtoto asiyetaka kutulia?

MAONI YA WATAZAMAJI

Huko New York kwenyewe watazamaji walianza kuyabadili maonyesho tangu siku za kwanza. Steichen alikuwa ameweka kioo kati ya picha za nyuso, ili kila apitaye ajione na yeye kuwa mmoja wa jamaa hiyo. Muda si muda kioo hicho kiliondolewa, kwa kuwa kilionekana kuwa mzaha mwepesi. Palikuwa pia na picha ya Mmarekani mweusi aliyefungwa kwenye mti na kuuawa na kundi la watu pasipo hukumu. Watu walisimama pale, njia ikaziba, na Steichen akaiondoa akisema kwamba yawatoa watu katika mwendo wa maonyesho yote.

Guatemala, mwaka 1955, siku ya mwisho ilikuwa Jumapili. Steichen alisimulia kwamba maelfu ya watu wa milimani waliteremka kwa miguu na kwa nyumbu, wengi wao wasiojua kusoma, wakapita kimya mbele ya picha, wakiitazama kila moja kwa makini. Tokyo, mwaka 1956, Wajapani waliongeza picha za mji wa Nagasaki zilizopigwa na Yosuke Yamahata baada ya bomu la atomiki kuangushwa mwaka 1945. Mfalme wa nchi alipokuja kuangalia, picha hizo zilifunikwa pazia, na baadaye zikaondolewa. Paris, mwaka huo huo, mwandishi Roland Barthes alisema kwamba si vyema kutuambia tu kwamba watu wote huzaliwa na wote hufa. Yafaa tuulize wanazaliwa katika hali gani na wanakufa kwa mkono wa nani. Akawataja wazazi wa Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 aliyeuawa na wazungu katika Mississippi mwezi wa Agosti 1955.

Kwa hiyo picha zilipofika Moscow zilikuwa zimekwisha kusifiwa sana, na kuulizwa maswali pia. Steichen mwenyewe alikwenda, akiwa na umri wa miaka 80, pamoja na shemeji yake, mshairi Carl Sandburg, aliyeandika maneno ya utangulizi wa picha hizo. Katika maonyesho hayo makubwa vijana 75 wa Kimarekani wajuao Kirusi, wachache wao wakiwa weusi, walisimama kujibu maswali. Warusi waliuliza kila kitu: mshahara wa mfanyakazi ni kiasi gani, nyumba hununuliwa kwa fedha ngapi, na watu weusi wa Marekani hutendewaje. Palikuwa na vitabu vya wageni ambamo kila mtu aliweza kuandika maoni yake. Wengine walishukuru. Wengine waliandika kwamba walitazamia kuona mitambo mikubwa, nao wakaonyeshwa vyombo vya jikoni.

MKONO WA MWAFRIKA

Ndipo akaja mtazamaji mmoja ambaye hakutosheka na kitabu cha wageni. Alikuwa mtu wa Nigeria, nchi iliyokuwa bado chini ya Waingereza, na ambayo ingepata uhuru wake tarehe 1 Oktoba 1960. Aliingia chini ya miavuli, akazitazama picha, kisha akanyosha mkono akazichana na kuziangusha kadhaa.

Sababu zake alizieleza, na gazeti la Wamarekani weusi likazichapa. Alisema kwamba katika picha zile Wamarekani weupe na watu wa Ulaya wameonyeshwa katika hali za heshima: mali, afya na elimu. Bali watu weusi wameonyeshwa daima wakiwa chini: wagonjwa, wenye matambara, wenye kukosa. Wanaume na wanawake wa Afrika, alisema, wameonyeshwa nusu uchi au uchi kabisa.

Msomaji na akumbuke zile jamaa nne. Jamaa ya Marekani ni wakulima, vizazi kadhaa pamoja ndani ya nyumba, na picha za wazee wao waliokufa zikining'inia ukutani. Jamaa ya Bechuanaland wamesimama nje, katika nchi ya jangwa la Kalahari, na mavazi yao ni machache ya ngozi. Mpiga picha wa Kimarekani, Nat Farbman, aliwapiga alipotumwa na gazeti la Life. Mrusi aliyepita hapo, na ambaye hajapata kuonana na Mwafrika hata siku moja, aliondoka na picha gani ya Afrika moyoni mwake?

TUPIME PANDE ZOTE MBILI

Si haki kuhukumu kwa kusikia upande mmoja. Mtetezi wa Steichen angeweza kusema, na kwa kweli, kwamba umaskini wa weupe nao haukufichwa. Humo mlikuwa na picha ya Dorothea Lange ya mwaka 1936: mama wa Kimarekani katika kambi ya wachuma mboga, uso umekunjamana kwa wasiwasi, watoto wamejificha mabegani mwake. Jamaa ya Sicily nao si matajiri. Tena moja ya picha nzuri kupita zote katika maonyesho hayo ni ya Bechuanaland: mzee wa Kalahari akiwasimulia vijana na watoto hadithi, mikono hewani, na wote wamemtumbulia macho. Hakuna aibu katika picha hiyo. Mzee yule hana shati, lakini ana heshima kuliko wengi wenye mashati mawili, na mtu yeyote aliyelelewa na bibi karibu na moto wa jioni atajiona mle. Ikiwa sisi tutaona haya kwa sababu ya ndugu zetu wa jangwani, basi kosa ni letu.

Tena kuchana mali ya mwenzako ndani ya nyumba yake si desturi njema. Mtu mwenye hoja hana haja ya kuharibu, kwani kelele za uharibifu huweza kuifunika hoja yenyewe.

Walakini hoja ilikuwako, na haikuchanika pamoja na picha. Mwaka 1955, picha hizo zilipotundikwa mara ya kwanza, Chuo cha Makerere kilikuwa na umri wa miaka 33. Shule ya Alliance katika Kikuyu ilikuwa imefundisha tangu mwaka 1926. Chuo cha Ibadan, katika nchi ya mtu yule, kilikuwa na miaka 7. Hapa Kenya wakulima Waafrika walikuwa wakianza kupanda kahawa kwa wingi baada ya mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954. Na mwaka 1957, miaka miwili kabla ya maonyesho ya Moscow, Ghana ilikuwa imekwisha kujitawala. Karani mwenye kalamu mfukoni, muuguzi, mwalimu mbele ya ubao, dereva wa gari moshi: wote walikuwako Afrika. Ila katika maonyesho yaliyodai kuonyesha wanadamu wote, mtu wa Nigeria alitafuta watu wa namna yake asiwaone.

Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kati ya wale wapiga picha 273, watu 163 walikuwa Wamarekani, na wengi wa waliobaki walikuwa watu wa Ulaya. Si lazima tuseme kwamba walikuwa na nia mbaya. Mtu atumwaye na gazeti kwenda nchi ya mbali hupiga picha ya lile linalomshangaza, wala hapigi lile linalofanana na la kwao. Akimkuta karani mezani, hafungui kamera, kwa kuwa makarani wako tele kwao. Akimkuta mwindaji mwenye upinde, hummalizia filamu. Basi picha elfu zikikusanywa kwa njia hiyo, kila moja ni ya kweli, na zote pamoja si kweli. Hilo ndilo jambo gumu ambalo mtu yule aliligundua chini ya miavuli. Kioo cha Steichen kilikuwa kimeondolewa zamani, lakini yeye alijiona kwa kioo kingine, na sura aliyoiona haikuwa yake.

PICHA ZA BAMAKO

Na je, hapakuwa na picha nyingine za Waafrika katika miaka ile? Zilikuwako, tena nyingi. Huko Bamako, mji wa nchi ambayo tangu mwaka 1960 yaitwa Mali, Mwafrika mmoja jina lake Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948, karibu na stesheni ya reli. Alipigia picha uani, kwa mwanga wa jua. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Watu walimjia kwa wingi: makarani, wafanyabiashara, akina mama na vitambaa vyao vizuri, vijana wanaotaka kuoa. Asiyekuwa na koti aliazimwa, pamoja na saa, kalamu na redio, akakaa kama apendavyo kukumbukwa.

Hapa tofauti ni wazi. Katika Bechuanaland mwenye kamera ndiye aliyechagua. Katika ua wa Bamako mwenye sura alichagua pamoja na mwenye kamera, akalipa fedha yake, akaenda na picha yake nyumbani. Lakini picha za Bamako zilikaa makabatini na kutani mwa wenyewe. Hakuna aliyezipeleka Moscow. Ilipita miaka zaidi ya 30 tangu maonyesho yale kabla ya jina la Keïta kujulikana Paris na New York, ambako kazi yake ilikuja kupewa heshima kubwa.

TUJIFUNZE NINI

Miavuli ya plastiki haiko tena. Lakini picha za Steichen zingaliko. Tangu mwaka 1994 zimewekwa daima katika ngome ya mji wa Clervaux, katika nchi yake ya kuzaliwa, na mwaka 2003 UNESCO iliziandika katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Watu hufika kuzitazama, na wengi hutoka macho yamelowa, kwa kuwa mama amwombolezaye mtoto ni mama kila mahali. Hilo Steichen alilisema kweli, wala hatumnyimi sifa yake.

Ila mtu wa Nigeria naye alisema kweli. Jamaa moja haifanywi kwa mtu mmoja kuwapanga wengine mbele ya kamera yake, akimwambia huyu simama na yule chuchumaa. Katika jamaa ya kweli kila mmoja ana neno juu ya namna atakavyoonyeshwa. Watazamaji wa Moscow waliandika maoni yao kitabuni na yakasomwa. Lakini yule aliyekuwa ndani ya picha hakupewa kitabu.

Kwa hiyo mkulima au karani aliye na picha za babu na bibi ndani ya sanduku la bati asizidharau. Azitoe, azifute vumbi, na nyuma ya kila moja aandike kwa penseli laini jina la aliyepigwa, mahali na mwaka, maadamu bado yuko mzee wa kumwuliza. Picha isiyo na jina, akija mtu mwingine kuiokota, ataiandikia jina alitakalo yeye. Na siku watakapokuja tena wajenzi wa banda na kutuomba sura ya Afrika ya kutundika, tusiwe watu wa kusubiri mpaka picha zimekwisha kuwekwa ukutani ndipo tunyoshe mkono.